Mwigizaji: kipaji kinatosha, au apate mafunzo kwanza?

Wadau, hoja hii haiishi, na naomba tuijadili kwa uzito wake. Wapo wanaosema kuigiza ni kipaji, mtu huzaliwa nacho, na kumdai cheti kijana wa Manzese asiye na ada ni kumkatia riziki. Wengine wanataka mtu asisimame mbele ya kamera bila kupita TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, au idara ya sanaa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wale wa kwanza wana swali lao moja kila siku: King Majuto na Kanumba walisoma wapi?

Walisoma, ila si darasani. Kanumba alitokea Kaole Sanaa Group, alikopikwa pamoja na wenzake kwenye michezo ya televisheni kabla ya kuwa jina kubwa la filamu. Majuto alipanda jukwaani akiwa bado mtoto, na mpaka anafariki Agosti 2018 alikuwa ametumia maisha yake kuchekesha watu walio mbele yake. Na vile vichekesho vya vikundi vya Muungano na TOT, wasanii walikuwa wanapatana kisa tu, maneno mengi yanazaliwa palepale mbele ya watu. Usipochekesha, ukumbi unakuonyesha usiku uleule. Yale yalikuwa mafunzo, tena makali.

Kwa hiyo mimi sidai cheti. Ninachodai ni mazoezi, kwa sababu vikundi vimekufa na hakuna kilichoshika nafasi yake. Leo mtu anapewa nafasi kwa wingi wa wafuasi Instagram. Anafika lokesheni asubuhi, anaambiwa: "Hapa unamkuta mumeo na hausigeli, umekasirika. Haya, anza." Skripti hakuna. Anafanya analolijua, anapiga kelele, na mwenzake anapiga kelele juu yake. Hakuna anayemsikiliza mwenziwe. Ikifika sehemu ya kofi analambwa kofi la kweli, maana hakuna aliyewahi kuwaonyesha kofi la kuigiza linavyopigwa. Ya kulia, anapakwa Vicks chini ya macho. Inaniuma, kwa sababu wengi wao vipaji wanavyo.

Na msiniambie kubuni papo kwa papo hakufundishiki. Kule Chicago, Marekani, Second City, ukumbi wa vichekesho vya papo kwa papo, ilifunguliwa mwaka 1959 ikijengwa juu ya michezo ya mazoezi ya mwalimu wa maigizo Viola Spolin, na mpaka leo watu wanalipa kwenda kujifunza hapo. La msingi kabisa ni kupokea alichokupa mwenzako, kisha uongezee. Akikuita daktari, wewe ni daktari. Ukikataa, mchezo umekufa. Ugomvi mwingi wa filamu zetu unafia hapo hapo.

Ila hata mwenye diploma asijione amemaliza. Mtu wa jukwaani amezoea sauti ya kumfikia aliyekaa nyuma kabisa ya ukumbi. Mlete mbele ya kamera iliyo hatua mbili kutoka usoni mwake: nyusi zikipanda kidogo tu, tayari amezidisha. Na kikombe alichokishika kwa mkono wa kulia, sini ikirudiwa kutoka upande mwingine, lazima kiwe mkono uleule, kimeinuliwa kwenye neno lilelile. Hayo hujifunzi kwa kipaji, yanataka kurudiwa mpaka yakae mwilini.

Pendekezo langu ni kwamba mkataba wa mwigizaji uwe na siku za mazoezi, na siku hizo zilipwe kama siku za kushuti. Halmashauri nazo ziache vikundi vitumie kumbi zake jioni zikiwa tupu. Najua maprodyuza watasema bajeti haitoshi. Basi mnaopinga nijibuni kwa hesabu: siku mbili za mazoezi, na siku nzima ya kurudia sini moja huku mafundi wa taa, kamera na sauti wote wanalipwa, ipi inakula pesa zaidi?