Diski za anime: ninunue au niache?

Mwana wa Kikwajuni: Jamani, kaka yuko Dubai, anataka kuniagizia anime, zile katuni za Kijapani, ya Blu-ray (diski kama DVD ila picha safi zaidi) kutoka Japani. Diski moja, vipindi viwili tu! Kwa bei ile napata bando la miezi. Nichukue?

Mchake: Tazama kwanza alama ya eneo, maana deki nyingi husoma diski za eneo lake tu. Blu-ray ya Japani ni A, Afrika tumo B. DVD nazo wao 2, sie huku 5. Mie niliwahi kuletewa, deki ikaitema, nikabaki kutazama kasha. Kasha zuri lakini, sikatai.

Shangazi wa Darajani: Mie nanunua moja kwa mwaka. Wakiiondoa mtandaoni, yangu imo kabatini. Ila uwe na deki isiyochagua eneo, mwanangu.

Mwana wa Kikwajuni: Basi namwambia alete tende.