Tupeane uzoefu: umeshampeleka mtoto mdogo kuangalia igizo la jukwaani? Ilikuwaje?

Mama_Nasra
Habari za jioni wapendwa, wakubwa shikamooni. Jumamosi nilimpeleka binti yangu kwenye igizo, ana miaka mitatu na nusu, na mpaka leo halali taa zikizimwa. Tangazo lilisema "burudani kwa familia nzima". Nikafurahi, nikasema angalau mtoto aachane na simu, aone watu wa kweli wakicheza mbele yake. Tukakaa mstari wa mbele nikijua ndiko kuzuri. Dakika kama ya kumi taa zote zikazimwa, giza la kutokiona kiganja chako, mara spika zikapiga radi. Mwanangu hakulia, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikakamaa, kucha zikanizama mkononi, halafu nikahisi umajimaji wa moto mapajani. Kajikojolea. Nilitoka naye nikiruka magoti ya watu gizani, huku nyuma mtu anafyonza.

Sikuja kumlaumu mtu. Desemba nataka nimpeleke tena, ila iwe mahali sahihi. Wenzangu mnachaguaje? Aanzie miaka mingapi? Mnauliza nini kabla ya kukata tiketi?

Mjomba_Kigogo
Pole sana dada. Miaka mitatu bado mno. Subiri afike saba.

BintiUnguja
Saba? Mie nimekulia kwenye maonyesho ya Ngome Kongwe hapa Unguja, nikiletwa mgongoni mwa mama. Pale ni wazi, mbingu juu, ngazi za mawe. Mtoto akichoka anasimama, anashuka, anapanda, analala kwenye kanga, na hapana anayekutolea jicho. Tatizo si umri, ni kumfungia mtoto kwenye chumba cheusi ukamwambia "shhh". Shida ya Ngome ni saa tu, mambo huanza usiku na watoto wa siku hizi saa mbili wameshalala.

Fundi_wa_Taa
Dada pole. Mimi kazi yangu ni taa na sauti za jukwaani, na nimeshaona watoto wakitolewa mbio kama ulivyotoka wewe. Ngoja niseme yale ambayo sisi wa nyuma ya pazia tunayajua na mzazi haambiwi.

Kwanza, mstari wa mbele ndio mbaya kuliko yote kwa mtoto. Spika ziko hapo, na mwigizaji akishuka jukwaani anaanza na wewe. Kaa katikati kuelekea nyuma, kiti cha pembeni kabisa, upande wa mlango. Pili, piga simu uzungumze na mtu wa jukwaa, usiishie kwa muuza tiketi, maana muuza tiketi hajaliona igizo. Muulize kuna giza la ghafla? Kuna mlio wa bunduki, radi, kupiga kelele? Mnatumia moshi wa mashine? Kuna taa za kumwekamweka? (Hizo mtoto mwenye kifafa asizisogelee kabisa.) Kuna mtu anakufa? Kuna anayevaa kinyago, na je, anashuka kwa watazamaji? Linachukua muda gani, na kuna mapumziko? Nikipigiwa simu ya hivyo nafurahi. Nishawahi kupunguza giza likabaki kama la magharibi kwa sababu mama mmoja alipiga simu asubuhi yake.

Tatu, fika mapema. Muombe mtoto aingie ukumbini watu hawajajaa, aone jukwaa tupu, aone hiyo taa inapowashwa na kuzimwa.

Mama_Nasra
Kaka nashukuru, hilo la kupiga simu sikuwahi kulifikiria hata siku moja.

Otis_wa_Ngara
Mimi naandika kutoka Nairobi. Kisa changu ni cha igizo la kitabu teule. Mnajua vile vikundi huigiza vitabu vya mtihani kwa wanafunzi wa sekondari. Dadangu mkubwa alikuwa na tiketi ya ziada, nikamchukua kijana wangu wa miaka mitano. Nilifikiri kwa vile ni ya wanafunzi basi ni ya watoto. Ukumbi umejaa wanafunzi mia kadhaa, wanashangilia kila mstari wanaoujua. Ikafika pale mtu anachomwa kisu. Wanafunzi wakalipuka kwa shangwe, si unajua walikuwa wameingoja sehemu hiyo muhula mzima. Kijana wangu akanitazama, akatazama ule umati unaoshangilia, akaniuliza pole pole, "Baba, mbona wanafurahi na ameuawa?"

Sikuwa na jibu. Kisu wala hakikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni sisi. Baadaye yule mwigizaji akatoka kusalimia watu, mzima, na kijana akakataa kumpa mkono.

Mjomba_Kigogo
Ndiyo maana nikasema miaka saba.

Bi_Mkubwa_Tanga
Mjomba, wangu wa miaka minane alilia kwa mazingaombwe, mjukuu wa miaka miwili akacheka mpaka mwisho. Hiyo saba umeitoa wapi?

Mlipa_Kiingilio
Naomba na sisi wengine tusikilizwe. Mimi ndiye ninayefyonza. Nimeweka akiba nione igizo, mtoto analia nusu saa, mama anambembeleza "tulia tutanunua aiskrimu", na waigizaji wetu wengi hawana vinasa sauti, wanatumia koo zao. Kama hujui mtoto wako ataweza, usimlete usiku kwenye igizo la watu wazima.

BintiUnguja
Sasa mtoto atajuaje kukaa kwenye maonyesho kama hajapelekwa kwenye maonyesho?

Mlipa_Kiingilio
Apelekwe ya watoto. Mchana.

BintiUnguja
Ya watoto yako wapi hayo? Tutajie. Yakija hapa ni mara moja kwa mwaka.

Fundi_wa_Taa
Jamani wote mna haki. Wenye kumbi ndio wanaotakiwa kuandika umri kwenye tangazo. "Familia nzima" haimwambii mzazi kitu.

Baba_Mpingo
Nilikuwa nasoma tu kimya kimya, ila kinyago alichotaja Fundi kimenirudisha mbali. Acha niandike, tangu siku ile sijawahi kuisimulia nje ya nyumba.

Ilikuwa kwenye tamasha huku kusini, miaka mitatu iliyopita. Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka minne. Mimi si Mmakonde, mke wangu ndiye, na nilitamani mtoto aone ngoma ya kwao. Sindimba ikapita, mtoto akacheza pamoja nao, nikasema leo nimefanya jambo. Kisha ngoma zikabadilika. Wenyeji wanaujua ule mdundo, umati ulianza kurudi nyuma kabla hakijaonekana kitu. Mapiko, wacheza vinyago wa Kimakonde, mmoja huitwa lipiko.

Lilitoka moja, mwili wote umefunikwa nguo usione hata kidole, kengele zinalia kila linapotikisa kiwiliwili. Kichwa kile kimechongwa, kimebandikwa nywele za mtu kweli, nyusi zipo, chale za usoni zipo. Aliye ndani anaonea mdomoni, kwa hiyo anainamisha kichwa nyuma ndipo akuone, na ukiangalia wewe unaona uso unatazama juu ilhali mwili unakujia. Likaja upande wetu. Watoto wakubwa wakakimbia wakicheka, ndio mchezo wenyewe ule, likufukuze ukimbie. Wangu hakujua kuwa ni mchezo. Aliniponyoka. Nilibaki nimeshika kiatu kimoja.

Dakika arobaini. Najua ni arobaini kwa sababu simu ilikuwa mkononi muda wote, mama yake anapiga, na mimi siwezi kupokea nikamwambia mtoto simuoni. Nilipita kwa wauza mihogo, nikapita kwenye magari, nikaenda hadi kisimani, nikachungulia ndani, Mungu anisamehe kwa nilichokiwaza pale. Mtangazaji alitaja jina lake kwenye spika mara tatu. Kumbe kila spika ikilia anazidi kujificha, anadhani lile dude ndilo linalomwita.

Alipatikana chini ya meza ya mama anayeuza chapati, nyuma ya kitambaa. Yule mama alijua yupo. Alikuwa anamtupia vipande vya chapati chini, hakutaka kumtoa kwa nguvu. Alisubiri mwenye mtoto apite. Mpaka leo namwombea.

Miezi miwili mwanangu hakwenda chooni peke yake. Hakulisogelea hata duka lenye vinyago mlangoni. Kilichomponya ni kijana mmoja mchezaji, binamu wa mke wangu. Alikuja nyumbani na lipiko kwenye gunia, akakaa chini, akamwambia "lete mkono", akamwingiza mkono ndani ya kile kichwa. Mtoto akasema, "Ni kepesi." Akakivaa mwenyewe. Siku hiyo alilala na taa imezimwa.

Mama_Nasra
Ee Mungu wangu. Hicho kiatu kimoja.

Bi_Mkubwa_Tanga
Nimesoma huku nalia. Yule mama wa chapati ana pepo yake.

Otis_wa_Ngara
Kaka, mimi ningezimia.

Mzee_wa_Newala
Baba Mpingo, pole kwa mtihani huo, na mwanao tunampenda kama wetu. Lakini lililofanyika nyumbani kwako si sawa, na huyo kijana wetu nitamtafuta. Lipiko halifunuliwi mbele ya mtoto ambaye hajapita jando. Mtoto hulijua jandoni, anaoneshwa kuwa ndani yake ni mtu, na hapo ndipo anapoanza kuhesabiwa mkubwa. Mmempa akiwa na miaka minne. Jandoni atakwenda kuoneshwa nini?

Mlipa_Kiingilio
Mzee kwa heshima, vinyago hivyo vinauzwa soko la vinyago la Mwenge, Dar, mchana kweupe. Mtalii anavaa anapiga picha. Siri gani tena?

Mzee_wa_Newala
Kinachouzwa Mwenge ni mti uliochongwa. Hakijachezwa.

Baba_Mpingo
Shikamoo mzee. Sikufanya kwa dharau. Mtoto alikuwa hali chakula vizuri. Ningefanyaje?

Ng'wana_Kisesa
Huku Usukumani tunacheza na chatu. Kwenye tamasha la Bulabo, mwezi wa sita, pale Bujora, Mwanza, unamkuta mchezaji amejizungushia shingoni. Niliwapeleka watoto wangu wawili nikihofia nyoka. Kumbe nyoka wao wenyewe ndio wakataka kumshika! Aliyewaliza ni ngoma kubwa, ule mtetemo kifuani. Mdogo alikuwa anaziba tumbo badala ya masikio. Kwa hiyo dada, hutajua mtoto ataogopa nini mpaka ufike. Sogea naye mbali, halafu rudi taratibu kila anapokuruhusu.

Mama_wa_Wimbledon
Nipo Uingereza, mwanangu ana usonji, ana miaka sita. Hapa kuna ukumbi wa watoto watupu, Polka, upo tangu 1979, na kila onyesho linaandikwa ni la umri gani. Kuna yale wanayoyaita maonyesho tulivu. Taa za watazamaji hazizimwi kabisa, sauti inashushwa, mtoto anaruhusiwa kuinuka, kupiga kelele, kutoka na kurudi, na kuna chumba cha kupumzikia. Kabla ya siku yenyewe unatumiwa picha za mlangoni, ngazi, viti na waigizaji na maleba (mavazi ya kuigizia) yao, unamsimulia mtoto nyumbani. Mara ya kwanza tulikaa dakika kumi na mbili tukaondoka, na mhudumu akatuambia karibuni tena, wala hakushangaa. Mara ya nne tulimaliza.

Nasema hivi kwa sababu hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji fedha nyingi. Picha za simu zinatosha. Kushusha sauti ni kugusa kitufe.

Fundi_wa_Taa
Nanakili hii nawapelekea wenzangu kesho.

Otis_wa_Ngara
Kwetu Nairobi, Bomas, kituo cha ngoma za asili kule Lang'ata, ilitufaa kwa miaka mingi. Ukumbi wa duara, mchana, na sarakasi ndizo za kufunga. Siri ni hii: densi ni nyingi na mtoto huchoka kabla ya sarakasi, basi mimi nilikuwa nafika nikiwa nimechelewa kusudi. Baada ya ile ya kisu, sarakasi ndiyo iliyomrudisha kijana wangu ukumbini.

Bi_Mkubwa_Tanga
Sisi tuwahi mapema, wewe uchelewe. Haya, Mama Nasra ashike lipi?

Mzee_wa_Newala
Nimelala nikaamka na swali la Baba Mpingo. Nimeuliza "jandoni ataoneshwa nini" kwa ukali, samahani. Nitakueleza yaliyonikuta mimi. Nikiwa mdogo wa kadiri hiyo nililiogopa lipiko kuliko simba. Bibi yangu hakunitoa uwanjani na hakunionesha ndani. Alinifunika kanga yake, ile iliyochakaa katikati ikabaki nyuzi. Nikawa naona nje kupitia kwenye nyuzi, likisogea nafumba macho, likienda nafumbua. Mwenyewe nilichagua nione kiasi gani. Hilo ndilo ningekushauri. Mwanao akifika umri wake wa jando niite, nitakuja mwenyewe kuzungumza naye.

Baba_Mpingo
Mzee nimekuelewa, na nimempa mke wangu simu asome. Tutakuita.

Mama_Nasra
Nimerudi na taarifa. Sikungoja Desemba. Jana Jumapili nilimpeleka Kijiji cha Makumbusho, pale Kijitonyama, Dar, mchana, uwazi, tukakuta kikundi kinacheza. Nilikwenda na kanga kuukuu ya mama yangu. Ngoma ya kwanza alijifunika mpaka miguu, nikimuuliza kitu hajibu. Ngoma ya pili likatoka jicho moja. Ya tatu kanga ipo mabegani, na anataka kujua kama mpiga ngoma ameshakula. Sikujua, tukaenda kumuuliza. Akasema bado. Binti akampa biskuti yake, iliyobaki nusu.

Usiku kaomba taa iwashwe, ila ya ukumbi wa nyumbani tu, si ya chumbani.

Ng'wana_Kisesa
Hongera mama.

BintiUnguja
Nusu biskuti kwa Nasra ni nyingi sana, huyo kapenda.

Mjomba_Kigogo
Wangu ana minne. Ngoma hapo zinaanza saa ngapi?

Mama_Nasra
Sisi tulifika saa nane tukasubiri kidogo. Piga simu kwanza, mjomba, na ubebe kanga.