Alikipangusa kipaza sauti baada ya kuninyang'anya, mbele ya mtaa mzima

Mwalimu wa Nyando

Ndugu zangu wa huku uwanda wa Kano, nimetoka barazani sasa hivi, hata viatu sijavua, na mikono ingali inanitetemeka. Sitamtaja kwa jina kwa sababu hakuna asiyemjua yule bwana wa kamati ya maendeleo, ambaye akikohoa kamati nzima hukohoa, na ambaye tangu akalie kiti kile amezindua kalvati moja mara tatu.

Nilisimama kuuliza swali moja tu. Mtaro wa barabara mpya umechimbwa vizuri kuanzia sokoni, ukajengewa mawe pande zote mbili, kisha ukakomea hatua tatu kutoka langoni kwangu, kana kwamba wachimbaji waliitwa kula na hawakurudi tena. Maji yote ya mji, pamoja na maganda ya miwa na viatu vya watu nisiowajua, sasa yanaingia kwangu. Juma lililopita yalifika tofali la tatu juu ya msingi, nami nimelitia alama ya chaki ili mtu asije akasema ninaota. Nilikuwa nimefika kwenye neno "tofali" alipoinuka, akaninyang'anya kipaza sauti, akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akakipangusa polepole, juu, kando, hadi kwenye shingo yake, jinsi mtu apangusavyo kiti kilicholaliwa na kuku. Ndipo akasema: "Tuendelee na wenye hoja."

Alikipangusa! Angenikatiza tu, ningekaa. Angenitukana, ningemjibu. Lakini kupangusa mahali nilipokuwa nimeshika, mbele ya wazazi wa watoto ninaowafundisha?

Nyumba hiyo nimeijenga kwa miaka tisa, kwa mkopo wa chama cha akiba, chumba baada ya chumba, kwenye ploti ya futi 50 kwa 100. Kila fundi wa huku anajua kwamba udongo wetu mweusi hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, na kuta zilizosimama juu yake hupasuka pamoja nao. Kwa hiyo tuliuchimba wote tukautoa, tukajaza mawe, na mawe hayo peke yake yalikaribia kunimalizia mkopo. Hatimiliki ninayo. Kila mwezi ninakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, naye mwajiri huongeza kiasi kicho hicho, kama inavyoagiza sheria ya mwaka 2024. Sina kinyongo kuchangia makao ya wenzangu. Ninachotaka ni makao yangu mwenyewe yasigeuzwe bwawa, maana Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya nyumba bora na usafi wa kuridhisha, na hakikusema haki hiyo ikomee hatua tatu kutoka langoni. Mto Nyando ukivunja kingo tunasema ni mvua ya milimani, lakini maji haya yameelekezwa kwangu kwa sururu.

Na bado alikipangusa.

Jirani wa Kalvati

Mwalimu, nilikuwa safu ya pili na kitambaa hicho nilikiona kwa macho yangu. Kina mistari ya buluu pembeni. Alipangusa mara nne, na atakayesema mara mbili anamtetea.

Mpangaji Daima

Pole, dada, lakini huenda alikuwa anaogopa mafua. Umekililia kitambaa kuliko ulivyoyalilia maji. Sisi wapangaji hatuna lango la kuingiliwa. Tuna chumba kimoja cha mabati, na mwenye nyumba alipandisha kodi juma lile lile mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu, ilipowashwa, akituambia kwamba sasa tunaishi mjini. Taa yenyewe inamulika paa la jirani. Kila maendeleo mnayoyadai ninyi wenye hati, sisi ndio tunaoyalipia.

Mwalimu wa Nyando

Mwenye kuogopa mafua hufunika pua yake. Yeye alipangusa nilipokuwa nimeshika, akanitazama usoni alipokuwa akifanya hivyo.

Fundi wa Mawe

Mwalimu, kwa heshima zote, umetaja 50 kwa 100 ukaipita, kumbe hapo ndipo tunapoibiwa sote. Ploti hizo huuzwa kama moja ya nane ya ekari. Ekari ni futi za mraba 43,560, kwa hiyo moja ya nane yake ni 5,445. Futi 50 kwa 100 ni 5,000. Futi za mraba 445 zimekwenda wapi? Hapo pana vyumba viwili vya kulala na jiko, nami nimejenga vyumba vidogo kuliko hivyo. Kabla ya kulia na mtaro, watu waitishe ramani na wapime.

Mjukuu wa Pili

Angalau ninyi mna cha kupima. Hati ya shamba letu ingali kwa jina la babu, aliyelala chini ya mwembe tangu 1987. Aliacha wana watano, na kila kesi ya mirathi inapokaribia kufunguliwa, mmoja wao hukasirikia mwingine kwa sababu ya ng'ombe. Siwezi kukopa, siwezi kuuza, na nikijenga ninajenga juu ya ugomvi. Mtaro ulipotakiwa kupita kwetu, waliniagiza nilete sahihi ya mwenye shamba. Niliwaonyesha kaburi.

Jirani wa Kalvati

Ndugu, kwetu ni vivyo hivyo, ila sisi babu aliacha nyumba tatu, na kila nyumba ina nakala yake ya ramani.

Mwalimu wa Nyando

Jamani, ninawaelewa, lakini mvua inatanda tena upande wa Nandi na mtaro uko palepale. Ninaomba watu kumi tu tuandike barua, kila mmoja atie sahihi, nami nitaeleza ndani yake jinsi alivyokipangusa kipaza sauti.

Mpangaji Daima

Wapangaji tunaruhusiwa kutia sahihi, au mtaipangusa karatasi?

Mjukuu wa Pili

Fundi, ukipima ploti unaanzia jiwe la mpaka au ua? Mjomba wangu amesogeza ua.

Fundi wa Mawe

Jiwe, daima. Ua hutembea usiku. Jumamosi nitakuwa huko na futi kamba ya mita 50. Mwenye kutaka kupimiwa aandike hapa chini, na afyeke nyasi mapema ili mawe yaonekane.

Jirani wa Kalvati

Mimi wa kwanza. Langu limezama kwenye tope.