Dogo kanaswa anafanya kazi ya tailizi California bila leseni, adhabu ikoje?

Mpwa_wa_Tanga: Wakuu habari za saa hizi. Mdogo wangu yuko Sacramento, anajua sana kuweka tailizi, kazi anapata kwa kusifiwa tu na wateja. Juzi kaitwa kwenye nyumba akapige bei ya bafu, kapima kapima kataja dola 4,800, kumbe "mwenye nyumba" ni mpelelezi wa bodi ya leseni za wakandarasi, kapewa karatasi hapohapo. Hata ndoo ya gundi hajafungua! Hilo nalo ni kosa? Halafu kuna mteja mwingine hajamlipa dogo dola 3,000 za kazi iliyokwisha, je dogo anaweza kwenda mahakamani kudai?

Saruji_na_Mchanga: Mkuu kosa lipo, kule kutaja bei tu ni kufanya ukandarasi, si lazima ushike mwiko. Bila leseni mwisho ni chini ya dola 1,000 kwa kazi nzima, ufundi na vifaa pamoja (kabla ya Januari 2025 ilikuwa 500), tena isiwe kazi ya kibali cha ujenzi wala usiwe umeajiri kibarua. Akishtakiwa mahakamani mara ya kwanza ni faini mpaka dola 5,000 au jela mpaka miezi 6, au vyote. Mara ya pili jela siku 90 ndo kianzio. Na bodi yenyewe ina faini zake pembeni, inaweza kufika 15,000. Ila asome hiyo karatasi leo, kama ni ya faini ya bodi ana siku 15 za kazi kupinga, kama ni ya kuitwa mahakamani hiyo tarehe asiikose kwa namna yoyote.

BintiKilosa: Huyo wa 3,000 amuache kabisaaa. Sheria ya kule kifungu 7031 inasema asiye na leseni hawezi kudai malipo mahakamani hata kama kazi imetoka safi na mteja alikuwa anajua, na mbaya zaidi mteja anaruhusiwa kudai arudishiwe YOTE aliyokwisha lipa. Sasa aende kumuamsha wa nini? Muda wa mteja kudai ni mwaka mmoja toka kazi iishe.

Dalali_wa_Maneno: Mbona rahisi tu, akate risiti za 900 900, au aazime namba ya leseni ya mshkaji.

Saruji_na_Mchanga: @Dalali usimpoteze mtoto wa watu. Kugawa kazi moja vipande ili ukae chini ya kiwango sheria imekataza wazi. Na kutumia namba ya mwingine kwa kudanganya wateja kunaweza kuwa kosa kubwa la jinai, faini mpaka 10,000 na kifungo. Huyo mshkaji naye anaponzwa, leseni ikifutwa anakaa nje mwaka 1 mpaka 5 kabla ya kuomba tena. Nimeona mtu kaazimisha namba kwa shemeji yake, mteja akalalamika bafu linavuja, barua ya bodi ikaja kwa mwenye namba ambaye hiyo nyumba hata hajawahi kukanyaga.

Mpwa_wa_Tanga: Duh. Sasa leseni anaipataje, na hana namba ya Social Security (ile ya hifadhi ya jamii ya Marekani)?

BintiKilosa: ITIN, yaani namba ya kulipia kodi kwa asiye na Social Security, inakubalika. Anahitaji uzoefu wa miaka 4 ambao mtu mwingine anathibitisha, mitihani miwili (sheria na ufundi), alama za vidole na bondi (dhamana) ya dola 25,000, hiyo halipi yote, analipia ada ya mwaka kwa kampuni ya bima. Aombe ya C-54, ndiyo ya tailizi. Lakini kwanza amuone wakili wa uhamiaji kabla hajakubali kosa lolote mahakamani, faini ndogo tu inaweza kumletea shida kwenye makaratasi yake.

Mpwa_wa_Tanga: Nimempigia sasa hivi, karatasi anasema iko kwenye gari, hajaisoma 😩