Nyumba ya bibi Uyui: sijawahi kushika brashi, naombeni ushauri kabla sijaharibu tena

BintiUyui

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Wa nyumbani, mwangaluka.

Bibi yetu ametuachia nyumba kijijini Uyui, kama nusu saa kwa bodaboda kutoka Tabora mjini. Ndugu wamenikabidhi niikalie kwa kuwa ni mimi tu niliyerudi kufanya kazi huku. Nyumba yenyewe ni ya tofali mbichi, kuta zimekandikwa udongo, juu bati, sakafu ya saruji imepasukapasuka. Vyumba vitatu na baraza pana inayotazama mwembe. Vyombo vilivyomo: kabati la mninga la tangu enzi za babu, stuli ya paini, vibuyu vitano na chupa za soda zisizo na idadi (bibi hakuwa mtu wa kutupa kitu).

Nimekuwa nikitazama picha za nyumba za mashambani za Wazungu. Makabati meupe yaliyochubuliwa kingo makusudi, maua makavu kwenye chupa, vitambaa vya mirabaraba. Nimezipenda mno. Mwaka jana nikajitosa chumba kimoja. Muuza duka akanishauri rangi ya mafuta, eti ikichafuka unafuta tu. Nikapaka mwenyewe, ukuta ukang'aa, nikapiga picha nikawatambia ndugu zangu. Mvua za Novemba zilipoanza ukuta ukaota malengelenge. Kufika Januari rangi inabanduka mapande mapande, na udongo umegandia nyuma yake.

Nina shilingi 120,000 na Jumamosi zangu. Kuchora sijui, hata ramani ya Tanzania darasa la tano alinichorea dada. Nianzie wapi? Na hilo kabati nataka kulipaka jeupe.

KijanaWaReli

Nimevuta stuli, nasubiri wajuzi.

MzeeWaRanda

Binti yangu, mimi nimepiga randa miaka mingi. Ukuta waachie wenye fani yao, mimi nina neno moja tu la kabati: usiliguse na brashi. Mninga kuupaka rangi nyeupe ni kumvisha bibi harusi gunia. Hao Wazungu unaowaona wanapaka mbao zisizo na sura, ndiyo maana wanazificha. Wewe una mbao ambayo watu wanaiagiza kwa pesa, halafu unataka kuifunika?

Lifute vumbi, lisugue kwa msasa laini (namba 220 inatosha) kwa kufuata nyuzi za mbao, usikate katikati. Litarudi rangi yake lenyewe. Hiyo stuli ya paini ndiyo ya kuchezea. Ukiiharibu hakuna atakayelia.

BintiUyui

Shikamoo mzee wangu. Nimecheka hapo kwenye gunia. Basi kabati limesalimika. Baada ya msasa nipake nini?

NyukiSikonge

Marahaba ya mzee atajibu mwenyewe, mimi niingie kwenye nta. Dada, uko Tabora, nchi ya asali, usinunue vanishi. Tafuta nta kwa warina asali. Chukua sehemu moja ya nta na sehemu nne za mafuta ya alizeti. Tia kwenye kopo, kopo uliweke ndani ya sufuria ya maji ya moto hadi nta iyeyuke. Kopo lisikae juu ya moto wenyewe, nta ikishika moto ni balaa. Ikipoa inakuwa kama siagi. Pakaza kwa kitambaa, acha robo saa, kisha sugua kwa kitambaa kingine kikavu mpaka mkono uchoke.

MzeeWaRanda

Marahaba binti. Nta nakubali. Alizeti kidogo naitilia shaka, inachelewa kukauka, na mtu akipaka nyingi kabati linanata, vumbi lote la kiangazi linahamia pale. Kwa hiyo: kidogo sana, na ifutwe mpaka uone kama hukupaka kitu.

NyukiSikonge

Hapo tuko pamoja mzee.

FundiIsevya

Sasa ukuta, maana ndio ugonjwa wenyewe. Dada, rangi haikuwa mbovu, ilikutana na ukuta usioendana nayo. Ukuta wa udongo unapumua: maji yanapanda kutoka chini, mengine yanarukia toka kwenye matone ya bati, halafu yanatoka taratibu kupitia uso wa ukuta. Rangi ya mafuta imeziba pale pa kutokea. Maji yakakusanyika nyuma yake, yakaisukuma, ikabanduka na ngozi ya ukuta. Hata ungenunua ya bei gani ingefanya hivyo hivyo.

Kwanza kwangua yote. Nasema yote, sio iliyolegea tu, maana hicho kitakachopakwa juu yake hakitashika. Penye mashimo ziba kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na nyasi kavu zilizokatwa fupi. Anza na udongo ndoo moja kwa mchanga ndoo mbili, jaribu kipande cha ukubwa wa sahani. Kikipasuka kikikauka ongeza mchanga, kikipukutika ongeza udongo. Jaribio hilo watu hawalipendi kwa sababu linakula siku mbili, lakini fanya.

Halafu paka chokaa. Nunua ile ya mfuko, loweka usiku mmoja, asubuhi ongeza maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa fresh, tia chumvi konzi moja kwa ndoo, chuja kwa kipande cha chandarua. Lowesha ukuta kwanza! Kiangazi hiki cha Tabora ukuta mkavu utainywa chokaa kabla haijashika na utabaki na unga. Paka mkono mwembamba, subiri hadi kesho, paka mwingine. Mikono minne mitano. Ikiwa mbichi utaona kama umepaka maji matupu, utashawishika kuifanya nzito. Usifanye, weupe unakuja ikikauka. Vaa glavu na miwani, chokaa jichoni si mchezo.

Ukitaka rangi, chekecha udongo mwekundu upate unga laini kabisa, changanya kwenye chokaa. Hiyo haipauki kwa jua.

Na nje chimba mfereji chini ya matone ya bati, la sivyo mwakani tutakutana tena hapa.

Msomi_Cheyo

Kwa maoni yangu bomoa, jenga ya bloku. Unapoteza hela.

FundiIsevya

Bloku kwa 120,000, mkuu?

BintiUyui

Kaka Msomi, bibi alizaa watoto saba humo. Haibomolewi.

KijanaWaReli

Kama unataka kuona kuta nene za udongo zinavyopendeza bila mbwembwe, Jumamosi moja pita Kwihara, hapo nje ya Tabora mjini, kwenye tembe (nyumba ya udongo ya kizamani) alilokaa Livingstone mwaka 1872. Lilijengwa upya, lakini rangi ni ile ile ya ardhi. Mimi lilinibadilisha mawazo kuhusu hizi nyeupe nyeupe.

Kuhusu kuchora, usiogope. Tumia stensili. Tafuta picha ya eksrei ya zamani, kila nyumba ina moja chini ya godoro. Chora jani la mwembe juu yake, kata kwa wembe. Kata sponji ya godoro ukubwa wa kiberiti, chovya kwenye rangi ya maji, kisha igongegonge kwenye karatasi mpaka ibaki karibu kavu. Ndipo ugonge ukutani. Ukipaka mstari mmoja wa majani kuzunguka chumba, usawa wa kiuno, hakuna atakayejua hukuchora.

Ukipata hamu ya picha za kutundika, mchoraji Tingatinga mwenyewe alipoanza mwaka 1968 pale Dar alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli. Huhitaji turubai la msanii.

DadaKanyenye

Stuli mwachieni mimi. Huo mwonekano wa kuchubuka ni rahisi. Piga msasa, paka rangi ya giza, mfano kahawia, ikauke. Kisha sugua mshumaa (au nta ya kaka Sikonge) kwenye kingo na pale ambapo mtu hukalia na kushika. Paka nyeupe juu yote. Ikikauka pitisha msasa kwenye hizo kingo: nyeupe inatoka kwenye nta, kahawia inachungulia. Chubua pale ambapo stuli ingechakaa yenyewe kwa matumizi. Mtu akichubua ovyo inaonekana imegongwa na bajaji.

Ukitaka isiyong'aa, kopo moja la rangi ya maji, theluthi ya kopo unga wa jipsamu wa mafundi seling. Unga ukoroge kwanza na maji kidogo usiwe na mabonge. Changanya kiasi cha siku hiyo tu, hailali.

MamaMikindu

Mwanangu, salamu kutoka Ujiji. Nimewasoma wote, mmeongelea kuta na mbao, vibuyu mmevisahau! Kibuyu kikavu chora kwa ncha ya msumari uliopashwa kwenye makaa, ushike kwa koleo. Anza na nukta na mistari, acha maua kwanza. Kimoja ukikate mdomo, ukitoboe matundu matundu, weka balbu ndogo ya LED ndani. Zile za zamani zinachoma, usithubutu. Usiku barazani utapenda mwenyewe.

Chupa za soda zizungushie kamba ya katani kwa gundi ya uji wa muhogo, ila gundi hiyo mende wanaipenda.

BintiUyui (wiki tatu baadaye)

Nimerudi na ripoti. Kabati: mzee, nilikuwa kipofu. Limetoka jekundu kama asali ya porini, shangazi ameanza kuliulizia. Stuli safi, ila upande mmoja imegongwa na bajaji. Majani ya eksrei: manne ya kwanza yalivuja kwa sababu nilichovya sponji kama maandazi kwenye chai, yaliyofuata yamekaa. Kipande cha hadibodi nilikiegemeza ukutani usiku, asubuhi mchwa wameshakula pembe. Pesa zimebaki 31,000.

Tatizo moja. Ukuta wa sebuleni ni mweupe unapendeza, lakini anayeegemea anaondoka na chokaa mgongoni. Mjomba ameenda msibani na chapa.

FundiIsevya

Hahaha pole yake. Ulipaka mizito au hukulowesha. Sema ukweli.

BintiUyui

Mkono wa mwisho nilichoka, sikulowesha.

FundiIsevya

Futa unga kwa brashi kavu, nyunyiza maji, pitisha mkono mmoja mwepesi kama maji ya mchele. Siku mbili zinazofuata unyunyizie asubuhi na jioni. Itapungua sana, ila chokaa ni chokaa, nyuma ya viti tundika kitu.

MamaMikindu

Mkeka wa ukindu, tena wa rangi. Pima ukuta uniambie, ukiwa tayari nitampa mtu anayepanda treni ya kuja huko.

BintiUyui

Futi nane kwa nne, mama. Wekundu uwe mwingi.