Kufika chini ya Nelion na kurudi: masaa mnayakadiriaje?

Kamba_ya_Lukenya
Habari zenu wapandaji. Januari tunataka kupanda Nelion, kilele cha pili kwa urefu cha Mlima Kenya, kwa uso wa kusini-mashariki, tukipitia njia ya Naro Moru. Mimi nimezoea miamba ya Lukenya na Hell's Gate. Pale Fischer's Tower ukishuka garini mwamba ndio huo. Mwaka jana tulikwenda kambi ya Mackinder's kutoka kituo cha Met Station, chini yake kwenye njia hiyo hiyo. Nilipiga hesabu ya kilomita kumi, kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa, nikaongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Nikapata kama masaa manne. Tulitumia saba. Mwenzangu alifika giza limeshaingia, anatetemeka, na asubuhi yake vidole vilikuwa vizito hata kufunga fundo. Tukarudi nyumbani. Nilikosea wapi? Na kurudi mnakuhesabu vipi?

Mpagazi_wa_Zamani
Pole sana, ndugu, na mlifanya vyema kurudi.

Hesabu hiyo ni ya Naismith, Mskoti, ya mwaka 1892. Milima ya kwao haifiki hata mita 1,400. Wewe ulianzia mita 3,050 ukamalizia 4,200. Hewa yenyewe ni nyepesi, na sidhani ulikuwa na begi la sandwichi. Kamba mbili, vyuma, kofia, gesi, hema: hebu lipime.

Nimebeba mizigo njia hiyo miaka tisa kabla sijaanza kuongoza watu. Kinachokula muda ni kile kinamasi baada ya msitu. Unaruka kutoka fungu moja la nyasi hadi jingine, begi linakuvuta upande, mguu unazama hadi kifundoni, unasimama kuutoa. Kamba ikiwa imefungwa nje ya begi inalowa, na kuanzia hapo unabeba na maji. Ifungeni ndani ya mfuko wa plastiki.

Watu wenye vifaa vya kupanda nawawekea masaa sita hadi Mackinder's, na manne kutoka hapo hadi Austrian Hut, kibanda cha kulala karibu na mwamba. Najua ni mita 590 tu, lakini ni changarawe inayokurudisha kila unapokanyaga. Ondokeni saa tisa usiku, ikiwa bado imeshikana kwa baridi.

Kutoka Austrian Hut hadi mwamba, usiamini muda ulioandikwa zamani. Barafu ya Lewis imesinyaa mno, na ilipokuwa sasa kuna mawe yaliyolegea. Fikeni mapema, pumzikeni, kisha jioni nendeni mikono mitupu hadi mwanzo wa njia. Tazama saa kwenda, tazama saa kurudi. Alfajiri, gizani na mkiwa na mzigo, ongezeni nusu yake.

Kurudi ndiko kunakonitia hofu, maana watu wanakuhesabu kwa nusu. Kushuka Nelion kwa kamba, mimi hukupa muda sawa na wa kupanda: kamba hunasa, na ukungu huja mchana. Huku kwetu saa moja jioni giza linaingia, Januari au Julai. Hesabu kinyumenyume kutoka hapo, mkubaliane saa ya kugeuka mkiwa bado chini, na kila mmoja aitamke kwa mdomo wake. Nimewaona watu wazuri wakisema "kidogo tu tumalizie". Usiku ule sitausahau.

Dada_Miamba
Naongezea magoti. Mackinder's hadi Met Station nilidhani ni masaa mawili na nusu kwa kuwa ni mteremko. Yalikuwa manne, kinamasi kimelowa na nilianguka mara tatu. Mkienda watatu, hesabuni kwa mwendo wa aliye nyuma.

Kamba_ya_Lukenya
Asanteni kwa moyo wote. Mzee, nimepima begi sasa hivi: kilo 21. Jumamosi tunalipeleka vilima vya Ngong, kila mtu na lake, tuone nani yuko nyuma. Saa ya kugeuka nimeandika saa sita mchana, tuwe tumefika juu au hatujafika. Je, ni mapema mno?

Mpagazi_wa_Zamani
Hapana. Iacheni hapo hapo.