Mgombea wa tatu Marekani: atapataje nafasi ya haki?

FundiNgamiani
Wakuu, salaam. Shemeji yangu yuko Minnesota, keshapata uraia, na vile vyama viwili vikubwa vimemchosha. Akitaja mgombea mwingine, wenzake kazini wanamwambia anatupa kura. Kanipigia jana nikiwa nanyoosha rimu ya baiskeli hapa Barabara ya 12, tukazungumza hadi salio likamwishia.

Neno hilo la kutupa kura linaniuma. Mwaka jana tulichagua mwenyekiti wa kikundi chetu cha kukopeshana, watu 38. Wagombea wawili walitaka riba ishuke, mmoja alitaka ibaki. Wale wawili wakapata 12 na 11, huyu akapata 15, akashika kiti. Watu 23 tulitaka riba ishuke na bado tunalipa ileile! Wamarekani wanaweza kurekebisha nini?

MwalimuPongwe
Fundi, yaliyowapata ndiyo ya jimbo la Florida kwenye urais wa mwaka 2000. Bush wa Republican alimzidi Gore wa Democrat kwa kura 537, na Ralph Nader wa chama cha Kijani alikuwa na zaidi ya 97,000. Mpaka leo wanatishiwa watu kwa jina la Nader, kwamba kura zake ndizo zilizomwangusha Gore. Dawa ninayoiamini ni kuwapanga wagombea 1, 2, 3. Wa mwisho akitolewa, kura zake zinahamia kwa chaguo la pili la waliompigia. Maine walianza hivyo kwenye urais 2020, Alaska 2024.

BintiRaskazone
Shikamoo mwalimu. Mimi naona shida inaanza kabla ya sanduku. Mwaka 1992 Ross Perot, mgombea wa tatu, alisimama kwenye midahalo na Bush baba na Clinton, akapata karibu asilimia 19. Mwaka 1996 akafungiwa nje ya midahalo, akapata 8 na kidogo. Toka 2000 tume ya midahalo, ambayo si ya serikali, ikataka uwe na asilimia 15 kwenye kura za maoni. Sasa nani atakutaja na hajawahi kukuona?

Halafu kuna sahihi za kukusanya ili jina liingie kwenye karatasi ya kura. Kwetu Tanzania mgombea urais anatafuta wadhamini 200 kwa kila mkoa, mikoa 10. Kule majimbo 50, kila moja na idadi yake na tarehe yake. Chama kidogo kinamaliza fedha kabla hata kampeni haijapamba moto. Na Perot, kwa kura zote zile, hakupata mjumbe hata mmoja kati ya wale 538 wa majimbo wanaomchagua rais, maana karibu kila jimbo anayeongoza anazoa wote.

FundiNgamiani
Dada, hilo la kuzoa wote sikulijua, ahsante sana. Mwalimu, jana baada ya magharibi nilichana karatasi za daftari, wote 38 tukarudia kwa majaribio, tukiandika 1, 2, 3. Raundi ya kwanza ikatoka ileile. Yule wa 11 akatolewa: kura 9 zikaenda kwa mwenzake, 2 kwa mwenyekiti. Ikawa 21 kwa 17. Mwenyekiti mwenyewe alihesabu nasi, akanyamaza, kisha akaomba tuandike utaratibu huo kwenye katiba yetu.

MwalimuPongwe
Marahaba binti. Fundi, hongereni sana. Ila urais wa kule una fundo jingine: asipopatikana mwenye wajumbe 270, Baraza la Wawakilishi ndilo linaamua, kila jimbo kura moja, liwe kubwa liwe dogo. Hapo mgombea wa tatu hana mtu. Mwambie shemeji aanzie karibu. Minneapolis wanampanga meya 1, 2, 3 tangu 2009, na iko jimboni kwake hukohuko.